Tangazo la Siku Ishirini na Moja

Siku wakaguzi wa kazi walipogonga mlango wa karakana, Dada Mkubwa aliniambia nivue aproni nikakae kwenye kochi la wateja.

"Haraka, mdogo wangu. Shika gazeti."

Nilikuwa na taya la jasi mkono mmoja na kisu cha nta mkono mwingine, katikati ya kupanga meno ya mama mmoja aliyeyasubiri miezi mitatu. Nikaviweka chini. Nikavua aproni, nikakaa, nikashika gazeti. Nina miaka arobaini na mitatu. Natengeneza meno ya watu tangu nina ishirini na miwili. Na siku ile nilikaa kwenye kochi kama mtu aliyepita kusalimia, nikijifanya nasoma matangazo ya vifo, na gazeti lenyewe nilikuwa nimelishika juu chini.

"Na huyu?" akauliza mkaguzi mmoja.

"Mdogo wangu wa tumbo moja. Amekuja kutembea."

Mkaguzi akanitazama mikono. Jasi ilikuwa imenikaukia mpaka kwenye viwiko. "Naona anakusaidia saidia."

"Kidogo kidogo," Dada Mkubwa akadakia kabla sijafungua mdomo. "Mikono yake haitulii huyu, tangu mdogo."

Wakaandika walichoandika, wakaaga. Mlango ulipofungwa, Dada Mkubwa alicheka mpaka akashika meza. "Umeona tulivyowapiga chenga?" Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika, na aliyenikasirisha zaidi mle ndani nilikuwa mimi mwenyewe.

Karakana ni ya Dada Mkubwa. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi, na alipofariki alimwachia mashine ya kung'arishia, makabati ya meno yaliyopangwa kwa ukubwa na rangi, na madaktari kumi na mmoja waliozoea kuleta kazi zao hapa. Yeye hajui kuchonga hata jino moja. Anajua kupokea simu, kubembeleza wadai, na kumwita kila mtu kwa jina la udugu. Mimi alinipata ng'ambo ya mpaka, kwetu, hospitali yangu ilipofunga kitengo cha meno bandia na kutuambia ahsanteni.

"Njoo kwangu," aliniambia. "Hutakuwa mfanyakazi. Utakuwa mdogo wangu."

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Kibali alikishughulikia yeye. Alisema njia ya kazi ni ndefu, wanataka cheti ambacho mimi sina kwa sababu nilifundishwa benchini, tena wanataka hili na lile. Njia ya familia inatoka wiki mbili. "Tuingie na hii kwanza, tutabadilisha baadaye." Akajaza kwamba mimi ni ndugu yake wa damu, nikasaini. Kadi ilipotoka iliandikwa MTEGEMEZI, na chini kwa herufi ndogo: haruhusiwi kufanya kazi. Nikaitia kwenye pochi, nikavaa aproni. Mwaka wa kwanza nikamkumbusha, akasema baadaye. Wa pili, baadaye. Sasa ni wa nne. Mtu mzima na akili zangu nilipigwa danadana miaka minne huku natabasamu.

Siku ile ya wakaguzi sikutabasamu.

"Dada, mimi nataka kibali cha kazi."

"Kwani hufanyi kazi?"

"Nafanya kwa kujificha."

"Nani amekuficha? Unalala kwangu, unakula kwangu, watoto wangu wanakuita mama mdogo. Leo mimi ndiye wa kukuficha?"

"Na wakirudi?"

"Wakirudi utakaa kwenye kochi. Kochi lina ubaya gani?"

Alhamisi nilimwambia naenda kununua msasa. Nikaenda ofisi ya vibali. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi, huku feni moja tu ya dari ikizunguka na nyingine zikitutazama, mpaka saa saba kasoro nikafika dirisha la tano. Karani wake alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Sikuthubutu kusema habari ni zangu.

"Kuna mtu namfahamu," nikaanza. "Ni mgeni, ana kadi ya mtegemezi, lakini..."

"Lakini anafanya kazi." Hakuinua hata macho. "Huyo mtu unayemfahamu, naye ana jasi kwenye kucha?"

Nikaficha mikono chini ya kaunta. Karani akavuta fomu nne, akazitandaza mbele yangu. Nyeupe ni ya mtegemezi. Ya kijani ni ya mwenye mtaji wake. Ya njano ni ya msomi mwenye shahada. Akaweka kidole juu ya ile ya nne, ya waridi. "Fundi stadi. Kazi ya mikono, uzoefu wa miaka mitano na kuendelea, barua za waajiri wa zamani. Cheti akiwa nacho vizuri, asipokuwa nacho si neno."

"Hii imeanza lini?"

"Mimi nimeajiriwa hapa nimeikuta." Akavua miwani. "Watu wengi wanaokuja kulia hapa sifa wanazo, mama. Njia ndiyo waliyoikosea. Mwajiri hafiki hapa kuuliza, anamuuliza jirani yake, na jirani naye aliambiwa na shemeji."

Ilikuwepo. Miaka minne ilikuwepo, kwenye droo, mwendo wa dakika ishirini kutoka karakana. Nilitamani kulipiga ngumi lile dirisha. Badala yake niliuliza masharti, kwa sauti ya adabu, na karani akanieleza taratibu. Mwajiri aje mwenyewe, akiri kuwa aliandika udugu usiokuwepo. Akija mwenyewe atatozwa faini na kuonywa, na kazi itaendelea wakati wa kusubiri. Akikamatwa, karakana itafungwa na "huyo mtu" atapandishwa basi la mpakani siku hiyohiyo. Kisha nafasi itangazwe siku ishirini na moja, ili ijulikane kama kuna raia anayeiweza. Akijitokeza raia apewe kazi ya majaribio, na ajibiwe kwa haki.

"Na akiiweza?"

"Faili la huyo mtu linafungwa. Sheria haiulizi nani bora, inauliza kama yupo anayeweza." Akanirudishia ile ya waridi. "Kadi yake inaisha lini?"

"Baada ya siku ishirini na tisa."

"Basi mwambie asikae akipiga hesabu."

Jioni ile nilimwekea Dada Mkubwa fomu juu ya meza, juu kabisa ya sahani yake ya chakula. Aliisoma mpaka mwisho. Kisha machozi yakamtoka, machozi ya kweli, sitamsingizia.

"Unataka niende mbele za watu nikaseme wewe si mdogo wangu?"

"Ndiyo. Nenda ukaseme."

"Baada ya yote?"

"Yote yapi? Dada, mimi kwetu nina dada watatu. Tumegombana, tumenyang'anana nguo, mmoja aliwahi kuniuma sikio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nivue aproni nishike gazeti!"

"Unanipigia kelele nyumbani kwangu."

"Nakupigia kelele, ndiyo! Ningekuwa mfanyakazi wako ningeogopa. Si umesema mimi ni ndugu?"

Akainuka na sahani yake, akaenda kula jikoni. Asubuhi yake akaniamkia kama kawaida, mdogo wangu umelalaje, na fomu ikawa imehamia chini ya kikapu cha matunda. Nikaona hapa maneno yamekwisha. Nikaenda karakana, nikapita meza yangu bila kuigusa, nikakaa kwenye kochi la wateja.

"Vipi tena?"

"Nimekuja kutembea."

Alidhani natania. Kufika saa nne daktari wa kwanza akapiga simu kuulizia kazi yake. Saa sita wa pili. Yule mama aliyesubiri meno miezi mitatu akaja mwenyewe, kajifunika mdomo kwa mtandio, akakaa pembeni yangu, tukasalimiana. Dada Mkubwa akamwambia fundi anaumwa. "Pole yake," yule mama akasema, "mwambieni na mimi naumwa na njaa." Nilikaa siku mbili nzima. Nilisoma gazeti lote, hata bei za mahindi. Siku ya tatu Dada Mkubwa akachukua pochi yake, akatoka bila kuaga, na aliporudi alinitupia risiti ya faini mapajani.

"Haya. Umefurahi? Nimeambiwa mwongo na mtu mwenye miwani ya uzi."

Nilivaa aproni yangu nikaenda kumaliza meno ya yule mama.

Tangazo niliandika mimi, maana yeye hakujua aandike nini. Anatafutwa fundi wa meno bandia, mwenye uwezo wa kumwaga jasi, kupanga meno kwenye nta, kupika plastiki na kumalizia. Tulipeleka kwenye gazeti, kwenye ubao wa ofisi ya kazi, na nakala moja ikabandikwa kwenye mlango wetu. Kila asubuhi nilifungua mlango wenye karatasi inayomtafuta mtu wa kukaa kwenye kiti changu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilihesabu siku. Tatu. Saba. Kumi na mbili. Hakuja mtu. Dada Mkubwa akawa ananitania, "Hakuna kichaa mwenzio nchi nzima," na polepole tukarudi kucheka. Siku ya kumi na saba niliimba nikiwa kazini.

Siku ya kumi na nane akaingia.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, begi la kijani begani, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alituamkia wote wawili, akaomba maji, kisha akafungua kitambaa na kutoa visu vyake vya nta, vitano, vimenolewa vizuri.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Baba mdogo. Alikuwa anafanyia nyumbani, kule kwetu. Macho yalipomwishia nikawa namfanyia mimi." Akatabasamu. "Sijawahi kuona tangazo la kazi hii maisha yangu yote, dada. Nilidhani wananitania. Nimesafiri tangu jana."

Dada Mkubwa akanivutia kwenye stoo, akafunga mlango. "Mwambie nafasi imejaa."

"Haijajaa. Sheria inasema apewe majaribio."

"Sheria, sheria! Si ulisema unaitaka sheria? Haya, ndiyo hiyo imekuja na begi."

Nilimpa kazi ya mzee mmoja fundi wa redio, asiye na jino hata moja, juu wala chini. Ni kazi ngumu. Nilichagua ngumu makusudi, nakiri. Nikamwonyesha meza ya pembeni, nikampa siku mbili. Kisha nikajifanya nafanya yangu huku namwangalia kwa pembe ya jicho. Namwangalia mtu mikono kwanza, uso baadaye. Mikono yake haikuwa na papara. Alimwaga jasi bila povu. Alipopanga meno kwenye nta alikuwa anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa, anasogeza jino kwa unene wa uzi, anarudi tena nyuma. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi. Sikuwahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo, na kwa siku nyingine ningemkumbatia.

Siku ya pili mchana mzee akaja. Mwombaji akamvalisha meno, akamwekea karatasi ya kaboni katikati, akamwambia aume. Karatasi hiyo huacha alama kila mahali jino la juu linapogusa la chini. Nilivaa miwani kuzitazama. Alama zilikaa sawa kushoto na kulia, nyingi nyuma, chache sana mbele, kama inavyotakiwa. Nikamwambia mzee ahesabu sitini mpaka sitini na tisa, maana sauti ya s ndiyo hufichua meno yasiyokaa sawa. Akahesabu bila meno kuruka. Nikamwambia atafune biskuti. Akala pakiti nzima, akaomba kioo, akajitazama, akageukia upande wangu.

"Fundi, huyu msimwachie aondoke," akasema. "Mimi haya sivui hata mniue."

Mwombaji akacheka kwa kuona haya, mkono mdomoni. Nikampa namba yangu, nikamwambia tutamwandikia barua. Akafunga visu vyake, akatuaga kwa adabu na kwenda zake.

Fomu ya majaribio ilikuwa na swali moja la maana. Je, mwombaji anaweza kufanya kazi hii? Ndiyo au hapana, eleza. Dada Mkubwa akaisukuma mbele yangu na kalamu juu yake.

"Andika wewe," akasema. "Mimi kazi siijui. Nitasaini utakachoandika."

"Wewe ndiye mwajiri."

"Na wewe ndiye mtu wa ukweli. Mimi nimeshaambiwa mwongo na nimelipia. Andika, mdogo wangu."

Hakuwa ananikejeli, na hilo lilinichoma zaidi. Alikuwa amekaa mikono mapajani, anasubiri, tayari kusaini lolote. Nilimchukia dakika ile. Niliichukia ofisi iliyotaka niandike kwa mkono wangu kama nibaki au niondoke, ikasema hiyo ni haki. Nikafikiria kwetu, hospitali iliyofungwa, mji mzima usio na meza hata moja ya kazi yangu, mimi nimekaa kwenye duka la kaka yangu nauza sabuni. Kadi yangu ilikuwa imebakiza siku tano. Nikajiambia yeye ni kijana bado, yuko kwao, atapata kwingine, nikijua fika kwamba kwingine hakuna, maana aliniambia kwa mdomo wake.

Nikaandika hapana. Kwenye mstari wa maelezo nikaandika: meno ya nyuma yamepanda, mgonjwa hafungi mdomo vizuri. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Kibali kikatoka. Karani wa dirisha la tano akanipa kadi ya waridi, akaniambia, "Mpe salamu yule mtu unayemfahamu." Ilikuwa imeandikwa FUNDI STADI, na jina la karakana, na jina langu, bila udugu wa mtu yeyote. Nilirudi nayo kwa miguu nikiitazama. Dada Mkubwa alinunua soda, akapiga vigelegele, akawapigia madaktari simu mmoja mmoja kuwaambia kwamba sasa wakaguzi waje hata na polisi.

Nilikuwa bado na soda mkononi simu yangu ilipolia. Namba nilikuwa nimempa mimi.

"Dada, shikamoo. Ni mimi, yule wa majaribio."

"Marahaba."

"Nimepata barua yenu. Sijapiga kulalamika, jamani, msinielewe vibaya. Imeandikwa meno ya nyuma yalipanda. Mimi niliona yako sawa. Lakini wewe ni mkubwa wangu kwenye kazi, umeona mengi. Nataka unielekeze nilipokosea, nijirekebishe. Huku kuna daktari amekubali kunijaribu."

Dada Mkubwa alikuwa ananitazama. Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja tu la kweli, sekunde mbili, na nikaona neno hilo likifika ofisini, likifika dirisha la tano, kadi ikirudi kwenye droo.

"Yapunguze," nikasema. "Ya nyuma, yote. Kama unene wa kucha."

Fundi yeyote akipunguza meno ya nyuma kiasi hicho, ya mbele yatagongana, seti nzima itacheza mdomoni, na mgonjwa atatokwa na vidonda kwenye ufizi kabla ya wiki kwisha. Atarudisha kazi. Daktari hatampa nyingine.

"Ya nyuma, yote, unene wa kucha," akarudia polepole. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Na ya chini pia, dada?"

"Na ya chini pia."

"Ahsante sana. Mungu akubariki. Wengine wangekata simu."